Waliolipa Mara Moja

Siku ambayo Fundi alimdanganya baba yake kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa ameamka na furaha. Ilikuwa Jumamosi, zimebaki wiki sita aolewe. Alifungua duka lake la ushonaji huku akivumisha wimbo puani, akawasha pasi, akatia uzi mpya kwenye oveloki, mashine ya kupindia kingo, kisha akapita chumba cha nyuma kusoma barua za wateja wa Kipimo kabla wateja wa mlangoni hawajaanza kumgongea.

Kipimo ilikuwa programu yao, yake na ya Miwani. Miaka miwili nyuma kijana mmoja mrefu, mwembamba, mwenye miwani minene iliyokuwa ikimteleza puani, alikuja kupunguziwa suruali. Alipomwona Fundi akiandika kiuno chake kwenye daftari lililochakaa, akauliza, "Na daftari hili likipotea?"

"Nitakufa," Fundi akajibu bila kuinua macho.

"Basi usife. Nipe wiki mbili."

Baada ya wiki mbili akarudi na programu inayohifadhi vipimo vya kila mteja, bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, pamoja na picha ya kitambaa na siku ya kuchukua nguo. Suruali yake akawa anasahau kuichukua kila anapokuja. Fundi naye hakumkumbusha.

Mapenzi yakaja, na kazi ikaja. Fedha ndiyo haikuja, hadi Miwani alipogundua lile soko la mtandaoni ambako watengeneza programu hupeleka bidhaa zao kwa bei ya kutupa. Mnunuzi analipa mara moja tu, anaitumia maisha yake yote. Soko linachukua fungu lake, tena fungu la simba, lakini linaleta umati ambao wewe peke yako usingeupata hata kwa miaka kumi. Kwa siku kumi na nne washonaji elfu tatu na mia moja wakainunua, kutoka nchi ambazo Fundi hakujua hata zinavyotamkwa. Siku ile fedha zilipoingia, Miwani alimnyanyua juujuu katikati ya vipande vya vitambaa, wakazunguka mpaka wakaangusha ubao wa kupigia pasi. Jioni yake akamwomba waoane.

Hiyo ilikuwa miezi tisa iliyopita. Sasa maji yalikuwa yamezidi unga. Wale elfu tatu na mia moja walikuwa wamelipa na wamemaliza, lakini kila siku walipakia picha za vitambaa bila kikomo, maana "bila kikomo" ndivyo walivyoahidiwa, na seva zilizohifadhi picha hizo zilidai malipo kila mwezi. Miwani alikuwa amekonda. Vidole vyake, ambavyo Fundi alipenda kuviangalia vikicheza juu ya kibodi, sasa vilikuwa na kucha zilizotafunwa.

Barua ya tatu asubuhi hiyo ilitoka kwa mama mmoja mshonaji wa magauni.

"Hongereni sana," aliandika. "Nimeuona ukurasa wenu wa Jumatatu. Kumbe sasa mtu anapiga picha ya mteja tu na Kipimo inatoa vipimo vyote! Mwanangu, mimi mikono inatetemeka siku hizi, kushika tepu imekuwa mateso. Nilikuwa nafikiria kuacha kazi. Nimemwambia na dada yangu anunue. Mungu awabariki."

Fundi akasoma tena. Ukurasa upi wa Jumatatu?

Akaingia sokoni, akautafuta. Ulikuwepo, umeshatangazwa, mauzo ndiyo yaliyongoja Jumatatu. Kipimo, toleo jipya, lipa mara moja. Na juu kabisa, picha yake yeye mwenyewe, tepu shingoni, anatabasamu, na maneno pembeni ambayo hakuyasema wala kuyaota: "Mimi ni fundi. Sishiki tena tepu. Napiga picha, Kipimo inanipimia."

Akakaa palepale kumngoja Miwani.

Miwani aliingia saa tatu na nusu na mkate chini ya kwapa na tabasamu la uchovu. Tabasamu halikumaliza hatua mbili.

"Hii ni nini?" Fundi akamgeuzia kioo cha kompyuta.

Akautazama. Akaweka mkate mezani taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha kuvunjika.

"Nilikuwa nikwambie leo."

"Leo saa ngapi? Baada ya Baba kuja au kabla?"

"Nisikilize kwanza..."

"Hii kazi ya picha ipo? Niambie tu, ipo?"

"Nimeianza."

"Nimekuuliza ipo?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Bila miwani macho yake yalionekana madogo na ya kitoto, na Fundi akachukia jinsi moyo wake ulivyolegea hata katika hasira.

"Nimeijaribu kwangu mwenyewe," Miwani akasema. "Ilisema kiuno changu ni kipana kuliko urefu wangu."

Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini.

"Na umewauzia watu."

"Bado. Ni Jumatatu. Nikipata hata miezi mitatu baada ya hapo nitaikamilisha, naapa. Fundi wangu, tumebakiza wiki tatu seva zizimwe. Wiki tatu! Unajua maana yake? Wale wote wafungue asubuhi, wakute vipimo vya wateja wao havipo. Soko lenyewe halinikubalii kurudi bila kitu kipya. Nikaandika kitu kipya."

"Umeandika uongo. Na ukaupachika usoni pangu."

"Wewe ndiye wanayekuamini."

"Ndiyo maana hukuniuliza!" Sauti ikampanda. "Unachimba shimo kufukia shimo. Hao wapya wakija, nani atalipia seva zao? Utaleta wengine? Na hao wengine?"

"Sijui!" Miwani akapiga meza, kisha akashtushwa na mkono wake mwenyewe. Akarudia kwa sauti ya chini, "Sijui. Kila nikifumba macho nawaona. Lakini baba yako anakuja saa sita, na alishasema bila kazi inayoeleweka hakuna harusi. Nimwambie nini? Kwamba nimefilisika na watu elfu tatu mgongoni? Nakupoteza leo leo."

Akamsogelea. Hakumgusa. Walikuwa karibu kiasi kwamba Fundi alisikia harufu ya sabuni kwenye shati lile, shati ambalo yeye ndiye aliyelibadilisha kola.

"Leo tu," Miwani akanong'ona. "Usinivue nguo mbele ya mzee. Niruhusu nipite leo. Kesho unitukane mpaka uchoke."

Fundi hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Na ukimya wa mtu anayependa, Miwani akauhesabu kuwa ruhusa.

Baba alifika saa sita kamili, si dakika moja mbele wala nyuma. Alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na bado alitembea na kalamu mfuko wa shati. Nyuma yake alikuja Shangazi, dada yake, aliyekuwa na kawaida ya kusema kila kitu kilichopita kichwani kabla hakijafika mwisho.

"Huyu kijana amezidi kukonda," Shangazi akasema akiketi. "Ukimsimamisha pembeni na sindano, sindano ndiyo inaonekana."

"Shikamoo Shangazi. Shikamoo Mzee."

"Marahaba," Baba akajibu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa karatasi, akaikunjua magotini. "Kijana, sitakupotezea muda. Kadi za mwaliko zinatakiwa kuchapwa wiki hii. Mwezi uliopita nilikuuliza kuhusu kazi yako, ukaniambia tunasubiri. Leo tunasemaje?"

Miwani alikohoa. "Jumatatu tunarudi sokoni, Mzee. Tunatarajia wateja wengi kuliko mara ya kwanza."

"Wa mara ya kwanza walilipa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na hizo mashine zinazotunza vitu vyao, wewe unalipia mara ngapi?"

"Kila mwezi."

"Mpaka lini?"

Miwani akasukuma miwani yake iliyoteleza puani.

"Nimekaa na hesabu hii siku tatu," Baba akasema, bila kejeli, kama mtu aliyeumizwa na swali. "Upande huu mara moja. Upande huu milele. Hailingani hata uipindue vipi."

"Labda ni hesabu za kisasa, Kaka," Shangazi akadakia.

"Hakuna hesabu za kisasa. Tatu ni tatu." Akamgeukia tena Miwani. "Haya, hawa wapya wanakuja kununua nini ambacho wa kwanza hawakukiona?"

Miwani akaeleza. Kupima kwa picha. Mshonaji hahitaji tepu tena. Dunia nzima itakitaka. Jinsi alivyokuwa akieleza, uso wa Baba ukaanza kulegea kidogo kidogo. Mzee yule hakuwa katili. Alitaka tu kuona ardhi chini ya miguu ya binti yake.

"Hilo ni jambo," akasema mwishowe. "Hilo nalielewa. Kitu kama hicho kinaweza kuuzwa hata kwa viwanda, walipe kila mwaka." Kisha akafanya jambo ambalo Fundi aliliogopa tangu asubuhi. Akamgeukia. "Mwanangu, wewe ndiye unayeshona. Kinafanya kazi?"

Chumba kikawa kidogo. Fundi alimtazama Miwani, na Miwani alikuwa akitazama sakafu, mabega yameanguka, akingoja hukumu. Neno moja tu lingemmaliza. Aliona kadi zisizochapwa. Aliona maisha bila mtu huyu anayesahau suruali.

"Kinafanya, Baba," akasema.

Baba akashusha pumzi ndefu. Akakunja karatasi yake. "Basi imetosha. Neno lako kwangu halijawahi kuwa na kasoro."

"Ehe, basi nipimeni mimi!" Shangazi akainuka, akajiweka sawa kilemba, akasimama katikati ya duka na mkono kiunoni. "Piga picha kijana, ila usinipunguze. Nataka nijue hiki kiuno kimebaki au kimeondoka."

Baba akacheka. Fundi hakukumbuka mara ya mwisho alipomsikia akicheka vile. Miwani akatoa simu, akainyanyua. Kidole kikasimama juu ya kioo, na katika kioo kile Shangazi alikuwa anatabasamu kwa nguvu zake zote.

Akaishusha.

"Shangazi, kaa tu," akasema. Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Haifanyi kazi. Mzee, haifanyi kazi kabisa. Binti yako amegundua leo asubuhi, amenigombeza sana, na sasa hivi amedanganya kwa ajili yangu. Hakuwahi kukudanganya. Mimi ndiye niliyemfikisha hapo."

"Miwani!" Fundi akalia.

"Hapana, Fundi. Nimekusikia ukilisema lile neno. Sitaki tena kulisikia."

Akaenda chumba cha nyuma, nao wakamwona kupitia mlangoni akiinamia kompyuta. Alibofya, akabofya tena kuthibitisha. Ujumbe wa soko ukaja wenyewe: bidhaa yake imeondolewa, na kwa kuwa ameiondoa siku za mwisho, hataweza kuomba nafasi nyingine kwa mwaka mzima. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, ili wote wasikie.

Baba alisimama polepole. Uso wake ulikuwa umezeeka miaka mitano.

"Kijana, ulichofanya sasa hivi ni cha kiume. Lakini kimechelewa." Akachomeka kalamu mfukoni, ikamshinda, akachomeka tena. "Kadi hazitachapwa."

"Baba..." Fundi akamshika mkono.

"Wewe usiseme kwanza." Hakuutoa mkono wake, lakini hakumtazama. "Nimekuja hapa nikiwa na wasiwasi na mtu mmoja. Naondoka nikiwa na wasiwasi na wawili."

Shangazi akaokota mkoba wake. Alimfuata kaka yake mlangoni, kisha akarudi haraka, akamkumbatia Fundi kwa nguvu, akatoka.

Fundi alikaa sakafuni palepale, kati ya mabaki ya vitambaa, akalia hadi kifua kikamuuma. Miwani akakaa upande wa pili wa meza ya kukatia. Hakuthubutu kumsogelea.

"Kwa nini?" Fundi akauliza hatimaye. "Nilishakuokoa."

"Hukuniokoa. Ulikuwa unazama na mimi."

Mteja mmoja akagonga, akachungulia, akaelewa, akaenda zake.

"Kuna ile kazi," Miwani akasema. "Ya kampuni ya malipo ya mtandaoni, kule mji mwingine. Walinipigia tena juzi. Mkataba wa miaka miwili, wanataka mtu wa kukaa hukohuko. Nilikataa kwa sababu yako. Mshahara wake unatosha kulipia seva."

Fundi akainua kichwa. "Seva?"

"Wale watu hawakukosa lolote. Tuliwaambia walipe mara moja, wakalipa. Siwezi kuwazimia." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nitawafanyia kazi. Wao na wewe ndio niliowaahidi. Kwako nimeshindwa. Acha nisishindwe kote."

Alisema kweli, na ukweli ule ulikuwa mchungu kuliko uongo wa asubuhi.

Mchana huo wakafanya kazi yao ya mwisho pamoja. Fundi alianza na yule mama wa mikono inayotetemeka. Alimwandikia kwamba kupima kwa picha hakupo, kwamba maneno yale yalikuwa ya uongo na yalibeba sura yake, kwamba anaomba radhi. Alifuta mara nne kabla ya kutuma. Kisha wakaandika barua ya wote. Miwani alitaka iwe na maelezo marefu. Fundi akayakata kama anavyokata kitambaa kilichozidi. Ikabaki hivi: hatutamfungia mtu mlango, mlilipa na ni haki yenu. Ila tumeelemewa. Anayeweza kuchangia kidogo kila mwezi, tutashukuru. Asiyeweza, aendelee kushona.

"Watatutukana," Miwani akasema.

"Watutukane. Tuma."

Kesho yake asubuhi Miwani alikuja na begi moja. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, na jua la nyuma yake likamfanya aonekane mwembamba zaidi.

"Usinisubiri," akasema.

"Nani amekwambia nakusubiri? Nina magauni manne ya kumaliza."

"Fundi..."

"Nenda bwana, gari litakuacha."

Hakwenda. Alimtazama kama mtu anayejifunza kitu kwa moyo, paji la uso, shavu lenye alama ya chaki, mikono. Kisha akanyoosha kidole, akafuta ile chaki kwa upole. Fundi akakishika kidole kile, akakibana shavuni, na kwa muda mfupi hakuna aliyekuwa binti wa mtu, wala mteja wa mtu, wala mwongo.

"Baba yako akiuliza..." Miwani akaanza.

"Hatauliza."

"Akiuliza, mwambie hesabu yake ilikuwa sahihi."

Akageuka, akashuka ngazi tatu za duka. Fundi alitaka kumwita. Alijua akimwita atarudi, na akirudi hataondoka, na wiki tatu zitaisha. Akauma mdomo mpaka akaonja damu.

Jumatatu barua zikaanza kumiminika. Wa kwanza aliwaita wezi. Wa pili alidai arudishiwe fedha zake. Wa tatu aliandika matusi kwa lugha ambayo Fundi hakuielewa, lakini matusi hayahitaji tafsiri. Yule mama wa magauni hakujibu kabisa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Simu ya Baba haikuita. Fundi alishona huku akisoma, akasoma huku akishona, akajichoma sindano mara mbili.

Barua ya arobaini na kitu ilitoka kwa mshonaji mmoja wa makoti.

"Nilinunua kwa sababu ilikuwa rahisi," alisema. "Nimebaki kwa sababu inanisaidia. Nitachangia kila mwezi, anzeni mwezi huu. Lakini jamani, mtuwekee kipimo cha shingo kwa nyuma. Kila siku nakiandika pembeni kwenye karatasi."

Fundi aliruka kutoka kitini.

"Miwani! Miwani, njoo uone, huyu atalipa! Anataka na kipimo cha shingo..."

Aliita jina lile mara mbili kabla hajakumbuka. Kiti cha chumba cha nyuma kilikuwa kimesukumwa chini ya meza, vizuri, kama kinavyowekwa na mtu anayejua hatakikalia kesho.

Akakivuta. Akakikalia yeye. Kilikuwa kirefu mno kwake, miguu haikufika sawasawa chini. Akaanza kumjibu yule mshonaji wa makoti: "Asante sana. Tutakiweka."

Akaisoma. Machozi yakamzuia kuona. Akaifuta, akaandika, "Nitakiweka."

Akaitazama hiyo kwa muda mrefu zaidi. Nje mtu aligonga mlango wa duka, akaita "Fundi!" mara ya kwanza na ya pili. Alifuta tena, herufi kwa herufi, akarudisha lile neno la kwanza, "Tutakiweka," na akatuma.